Nani Mwenye Vyombo? Tafakari Juu ya Bendi Moja Ndogo ya Wilayani Kilosa

UTANGULIZI

Katika semina zetu za elimu ya siasa kuna desturi ya kuliweka suala la utamaduni mwisho wa ratiba. Somo la uchumi hupewa asubuhi, wakati akili bado zina nguvu. Somo la uongozi hufuata baada ya chai. Utamaduni huachwa saa kumi jioni, wakati wanasemina wamekwisha choka na macho yao yako mlangoni. Mkufunzi husema maneno machache kuhusu ngoma za asili na mavazi ya heshima, hufunga daftari lake, na semina huishia hapo. Mimi mwenyewe nimefanya hivyo kwa miaka mingi. Nalitaja kosa hili mwanzoni kwa sababu mhakiki asiyeanza kwa kujikosoa hana haki ya kumkosoa mtu mwingine.

Makala haya yanahusu bendi moja ya dansi niliyoikuta mwezi Agosti 2024 katika mji mdogo wa wilaya ya Kilosa, kandokando ya reli ya kati. Bendi hiyo haina mlezi wala tajiri. Haijawahi kurekodi katika studio yoyote, na sifa zake hazijavuka kata tatu au nne. Jina lake sitalitaja. Lengo la makala haya si kuitafutia biashara, wala sipendi ionekane kwamba kalamu ya mkufunzi ndiyo inayowapa wasanii cheti cha kuwapo. Lengo ni kueleza kwa nini bendi hii ni nzuri, nzuri kwa kiwango ambacho sikukitegemea. Uzuri huo umetoka wapi. Na sisi tulio na dhamana ya kufundisha tufanye nini juu yake, na hasa tujizuie kufanya nini.

JIONI ILE

Nilikwenda huko kuendesha semina ya siku tatu kwa viongozi wa kata na matawi. Asubuhi ya siku ya pili nilifundisha somo la unyonyaji. Nilieleza thamani ya ziada, nikachora ubaoni mkulima, mchuuzi wa kati na soko la mjini, nikaunganisha wote kwa mishale, nikatumia saa mbili kamili. Nilipouliza kama kuna swali, Ndugu mmoja aliinua mkono akataka kujua kama posho ya siku ya tatu italipwa pamoja na nauli. Watu wakacheka, nami nikacheka. Lakini nilirudi nyumba ya wageni nikiwa sina raha, kwa kuwa mkufunzi anajua vizuri somo lake linapoanguka.

Jioni mwenyeji wangu, mzee aliyestaafu kazi ya reli, alikuja kunichukua. "Mwalimu, twende ukawasikilize vijana wetu," akasema. Nilikubali kwa adabu tu. Katika fikra zangu nilikwisha kuwaona: kijana mmoja na kompyuta, spika mbili kubwa kuliko nyumba, na kelele hadi usiku wa manane.

Tulikuta ua uliozungushiwa makuti, taa mbili, na umeme uliovutwa kwa waya mrefu kutoka duka la jirani. Kiingilio kilikuwa shilingi 2,000, na wazee hupita bure. Jukwaani walikuwa watu tisa: wapiga magitaa watatu, mpiga besi, mpiga dramu, mpiga tumba, mpiga saksafoni, na waimbaji wawili, mmoja wao mwanamke. Mchana kila mmoja ana kazi yake. Yupo mchomelea vyuma, wapo waendesha bodaboda wawili, fundi baiskeli na seremala. Wengine ni wakulima, na yule mwimbaji mwanamke ni mama lishe wa stendi.

Gitaa la besi lilichongwa na seremala wao kwa ubao wa mninga uliobaki katika kazi ya vitanda. Sanduku la amplifaya lilikuwa mlango wa kabati kuukuu. Saksafoni ilifungwa kipande cha mpira wa baiskeli mahali ambapo springi ilikatika. Nilipoviona vyombo hivyo nilijiandaa kuwaonea huruma, na hilo lilikuwa kosa langu la pili siku hiyo. Huruma si kipimo cha sanaa. Walipofika katikati ya wimbo wa kwanza nilikuwa nimeisahau.

UFUNDI WAO

Muziki wa dansi wa Tanzania una kanuni zake, na kanuni hizo zinafanana na mgawanyo mzuri wa kazi. Wimbo huanza polepole, hadithi ikisimuliwa kwa beti na kiitikio. Magitaa huongea chini kwa chini. Kisha matarumbeta au saksafoni huingia na kuugawa wimbo. Mwishoni hufika sehemu ya kasi ambayo wanamuziki huiita chemko. Hapo maneno hupungua na miguu hushika kazi. Gitaa la solo husema, gitaa la kati hujibu, ridhimu hushona, na besi hubeba mzigo wa wote.

Kanuni hizi zinajulikana, na kila bendi hudai kuzifuata. Ubora wa bendi hupimwa kwa jinsi inavyozitumia. Katika bendi hii niliona mambo matatu.

Jambo la kwanza ni subira. Bendi nyingi za siku hizi huikimbilia chemko kama abiria anayekimbilia basi la mwisho; hadithi hukatwa katikati ili watu wainuke haraka na vinywaji viuzwe. Vijana hawa huiacha hadithi imalizike. Mwimbaji husema neno, husubiri gitaa lijibu, ndipo husema lingine. Msikilizaji anapoinuka kucheza anakuwa anajua anacheza kwa sababu gani.

Jambo la pili ni ukimya. Amplifaya yao ni dhaifu, haiwezi kubeba magitaa yote kwa nguvu wakati mmoja. Upungufu huo umewafundisha kupeana nafasi. Katika wimbo mmoja mpiga ridhimu alinyamaza ubeti mzima, mikono yake ikiwa juu ya nyuzi, ili sauti ya yule mama isikike. Mwanamuziki mwenye kiburi hawezi kunyamaza ubeti mzima. Hapa tunaona jinsi hali ya uchumi inavyoweza kuzaa ufundi: kilichoanza kama uhaba wa umeme kimekuwa heshima ya mtu kwa mwenzake jukwaani.

Jambo la tatu ni tumba. Mpigaji wake alikulia katika ngoma za jando za kijiji chake, na mapigo yake hayakutoka Kinshasa wala Dar es Salaam. Besi inamfuata yeye. Kwa hiyo, hata pale mpiga solo anapoiga, wimbo mzima haugeuki kuwa nakala.

Na anaiga kweli; ni lazima tuseme hivyo. Alifundishwa na mzee aliyekua akizisikiliza santuri za Mbaraka Mwinshehe, na mkoa wa Morogoro hauwezi kumkwepa mtu huyo. Mbaraka alijiunga na Morogoro Jazz katikati ya miaka ya 1960, akaenda nayo Osaka, Japani, katika Maonyesho ya Dunia ya mwaka 1970, akaunda Super Volcano mwaka 1973, na akafariki kwa ajali ya gari Mombasa Januari 1979. Katika mji huo huo wa Morogoro Salum Abdallah aliijenga Cuban Marimba, mpaka alipofariki mwaka 1965. Kijana wa Kilosa anayeshika gitaa leo anarithi mali kubwa, na urithi mkubwa unaweza kumlemaza mrithi. Kijana huyu hajalemaa, lakini katika nyimbo mbili nilizosikia angali anavaa koti la marehemu, na mikono ya koti hilo ni mirefu kwake.

NYIMBO MBILI

Wimbo wa kwanza nitakaoueleza unahusu lumbesa. Kwa msomaji wa mjini asiyeijua, lumbesa ni gunia lililojazwa kupita mdomo wake, likashonewa nyongeza juu kama kilemba, kisha mkulima akalipwa bei ya gunia moja. Sheria ya vipimo inakataza gunia la mazao kuzidi kilo 100, na viongozi wamelikemea jambo hili majukwaani mara nyingi. Bendi hii haikukemea mtu. Katika wimbo wao anayezungumza ni gunia lenyewe. Linalalamika kwamba lilizaliwa na mdomo mmoja, lakini kila msimu linavalishwa kilemba. Linauliza harusi ni ya nani. Mnunuzi anajibu kwa upole kwamba hiyo ni desturi ya soko. Ndipo mkulima anapochukua sindano na kamba, anaanza kushona.

Hapo ndipo ilipo ncha ya wimbo. Mkono unaoshona kilemba ni mkono wa mkulima mwenyewe. Asubuhi ile mimi nilichora mishale mitano ubaoni, na katika mishale yote mitano sikuonyesha sindano imo mkononi mwa nani. Nilifundisha unyonyaji kana kwamba ni mvua inayomnyeshea mtu. Wimbo ule ulifundisha kwamba unyonyaji ni uhusiano kati ya watu, na kwamba uhusiano huo huendelea kwa sababu anayenyonywa naye amefundishwa kuushona kila msimu kwa mikono yake.

Pembeni yangu alikaa yule Ndugu aliyeuliza habari za posho. Gunia lilipoanza kulalamika alicheka sana. Sindano ilipotajwa akanyamaza. Baadaye akaniambia polepole, "Mwalimu, mimi msimu huu nimeshona kumi na nne." Asubuhi iliyofuata hatukuanza na ratiba. Tulianza na magunia yake kumi na manne, na maswali yakaendelea mpaka saa ya chai.

Wimbo wa pili ni mgumu zaidi. Wilaya ya Kilosa ina jeraha. Desemba 2000, katika mgogoro wa wakulima na wafugaji, watu 38 waliuawa huko Rudewa Mbuyuni, na damu nyingine imemwagika katika miaka iliyofuata. Kabla ya semina niliombwa nisiliguse jambo hilo, nami sikuligusa. Bendi ililigusa.

Katika wimbo huo hakuna mkuki, hakuna shamba lililoliwa, wala kabila lililotajwa. Mama mmoja anapita kijijini na kibuyu cha maziwa kama alivyozoea kupita zamani, maziwa kwa mahindi. Anabisha mlango wa rafiki yake na kumwita kwa jina. Ndani, mama mwenye nyumba anaisikia sauti hiyo. Anamsikia pia mtoto wake akililia maziwa. Mkono wake umefika kwenye komeo. Wimbo unaishia hapo, mkono ukiwa juu ya komeo.

Wimbo huu hauna chemko. Saksafoni inaurudia mwito wa yule mama mara tatu, kila mara kwa sauti ya chini zaidi, kisha inanyamaza. Hakuna aliyecheza. Mzee mmoja mbele yangu alivua kofia yake akaishika mapajani. Kwa bendi inayoishi kwa kiingilio na kwa watu kucheza, kuinyima hadhira chemko ni uamuzi wenye gharama. Umbo la wimbo limekataa kufurahisha pale ambapo maudhui hayana furaha. Tumezoea kufundisha kwa maneno marefu kwamba umbo na maudhui ni kitu kimoja. Mfano wa kanuni hiyo sijapata kuusikia ulio wazi kuliko huu.

Lakini nikiri kwamba usiku ule nililiona hilo kuwa kosa. Bendi ilipopumzika niliwafuata. Walinisalimu kwa shikamoo, wakanipa kiti. Nikawaambia kwamba wimbo ni mzuri lakini hauna msimamo; haumwelekezi mwananchi afanye nini. Kiongozi wao, yule mchomelea vyuma, alifikiri kidogo, kisha akasema: "Mwalimu, tukisema afungue, waliofiwa watatuuliza sisi tumefiwa na nani. Tukisema asifungue, tutakuwa waongo. Mkono uko pale pale kweli."

Sikuwa na jibu, na kwa siku nyingi nimelitafuta. Sasa nasema kwamba yeye alikuwa sahihi na mimi nilikosea. Mgongano ambao haujatatuliwa kijijini hauwezi kutatuliwa katika ubeti wa tatu. Msanii anayeufunga kwa maneno matamu ya umoja anawaambia watu kwamba kazi imekwisha wakati haijaanza. Msanii anayeuonyesha mahali hasa ulipo, kwenye komeo, katika mkono wa mama mmoja, amewasaidia wanaotaka kuutatua wajue waanzie wapi. Msimamo wa wimbo ule upo. Upo katika kumpa kila mama jina na sauti, na katika kutomruhusu msikilizaji aondoke akicheza.

VYOMBO NI VYA NANI?

Sasa tuulize swali la msingi. Kwa nini bendi hii, yenye besi ya ubao wa kitanda, inasema mambo ambayo bendi zenye mitambo ya mamilioni haziyasemi? Jibu jepesi ni kipaji. Lakini vipaji vipo kila mahali. Nadharia inatutaka tutazame kwanza nyenzo za uzalishaji na umilikaji wake. Katika dansi nyenzo hizo ni vyombo, na historia ya dansi la nchi yetu ni historia ya kujibu swali moja: vyombo ni vya nani?

Katika hatua ya kwanza vyombo vilikuwa mali ya vyama vya wananchi wenyewe. Kabla ya dansi kulikuwa na beni, ngoma ya gwaride na tarumbeta iliyoenea kutoka pwani, ikiendeshwa na vyama vilivyokuwa na vyeo, michango na ushindani. Klabu za dansi za mijini zilirithi mtindo huo wa kuchangishana. Western Jazz ya Dar es Salaam, kwa mfano, ilianzishwa mwaka 1959 na watu waliotoka majimbo ya magharibi. Klabu hizo zilikuwa na kasoro ya kugawanyika kwa mahali mtu alikotoka, lakini mpiga gitaa aliwajua waliomnunulia gitaa, nao walimjua.

Katika hatua ya pili vyombo vilikuwa mali ya mashirika ya umma. Mwaka 1964 chama cha wafanyakazi, NUTA, kiliunda NUTA Jazz, ambayo baadaye ikawa JUWATA, kisha OTTU, na leo ni Msondo Ngoma. Jeshi, polisi, vijana, viwanda na mashirika yakafuata. Hatua hii isidharauliwe. Kwa mara ya kwanza mwanamuziki alipata mshahara, na kwa sababu hakuhangaikia chakula cha kesho aliweza kukaa na wimbo mpaka ukaiva. Nyimbo nyingi tunazoziita leo dhahabu zilitoka huko. Lakini hatua hii nayo ilikuwa na mgongano ndani yake. Mwenye vyombo alikuwa pia mwenye neno la mwisho. Redio ya taifa, ambayo ndiyo ilikuwa studio kuu ya kurekodia, ilikuwa na kamati ya kupitia maneno ya nyimbo kabla ya kurekodiwa. Na miaka ya 1980 na 1990, mashirika yalipodhoofika, kubinafsishwa au kufa, bendi nyingi zilidhoofika au kufa pamoja nayo, kwa kuwa hazikuwa na mizizi yake zenyewe.

Katika hatua ya tatu vyombo vilikuwa mali ya mtu binafsi. Mwaka 1985 mwenye Orchestra Safari Sound aliwachukua wanamuziki kadhaa wakubwa wa Mlimani Park, akiwemo Muhiddin Maalim Gurumo, kwa kuwapa masilahi bora, na bendi iliyokuwa kileleni ikatikiswa. Fedha ilionyesha nguvu yake. Lakini mfano wa Remmy Ongala unatukataza kurahisisha mambo. Remmy alikuja Dar es Salaam kutoka Zaire mwaka 1978, na Matimila aliyojiunga nayo baadaye ilipigia vyombo vya mfanyabiashara. Hata hivyo yeye ndiye aliyekuwa sauti ya mnyonge kuliko wengi waliokuwa kwenye mishahara ya umma. Mwaka 1990 alitoa wimbo wa kuhimiza kinga dhidi ya UKIMWI kwa lugha ya mtaani. Redio ya taifa ilikataa kuupiga. Ulienea kwa kanda na kumbini. Leo hakuna asiyejua kwamba aliyekuwa upande wa uhai wa watu ni mwimbaji yule, na waliomfungia walikuwa watu wenye elimu na nia njema, watu kama mimi.

Bendi ya Kilosa ina jibu la nne. Kiongozi wao alinionyesha daftari. Ndani yake kila mwanachama ana ukurasa wa michango. Magitaa mawili yalinunuliwa kwa michango ya miezi kumi na mitano. Amplifaya ilinunuliwa kwa ufuta waliolima pamoja katika shamba la kukodi la ekari moja na nusu. Mapato ya kila onyesho hugawanywa mafungu kumi: tisa ya watu, moja la vyombo. Anayeondoka haondoki na gitaa. Hurudishiwa michango yake kidogo kidogo. Wimbo mpya hauimbwi mpaka wote tisa wameusikia na kukubali. Wimbo wa maziwa, walisema, ulichukua karibu mwaka mzima, kwa sababu mmoja wao amezaliwa katika boma la wafugaji na mwingine alimpoteza mjomba katika mapigano.

Hakuna aliyewafundisha utaratibu huu kwa jina la nadharia. Wameufikia kwa sababu hakuna aliyekuwa tayari kuwanunulia vyombo. Lakini matokeo yake yanasikika katika muziki: ule ukimya wa mpiga ridhimu na lile fungu la kumi la vyombo vinatoka katika mzizi mmoja. Na mkono kwenye komeo haungeachwa pale na bendi yenye tajiri, kwani tajiri angetaka chemko. Wala na bendi ya ofisi, kwani ofisi ingetaka mlango ufunguliwe.

MAPUNGUFU

Sifa zikizidi hugeuka kuwa sumu. Bendi hii ina mapungufu matatu makubwa, nami niliwaeleza ana kwa ana kabla ya kuyaandika hapa.

La kwanza ni kutaja majina. Mara mbili usiku ule wimbo ulikatwa ili mwimbaji alitaje jina la mnunuzi wa mazao aliyekuwa amekaa meza ya mbele, aliyetuma noti jukwaani. Mmoja wa wanunuzi hao alitajwa kwa sifa dakika chache tu baada ya wimbo wa lumbesa. Watu walicheka, na huenda kulikuwa na kejeli ndani yake, lakini noti ilipokelewa. Hii inatuonyesha kwamba umiliki wa vyombo peke yake hautoshi. Anayelipa kwa siri mbele ya jukwaa naye anajaribu kuumiliki mdomo wa mwimbaji. Gunia lao linavalishwa kilemba, na wao wenyewe wanashika sindano.

La pili ni nafasi ya mwanamke. Yule mama lishe ndiye mwenye sauti bora kuliko wote, na wimbo wa maziwa bila yeye usingekuwapo. Lakini katika nyimbo nyingine nne amepewa kiitikio tu, na mmoja wa nyimbo hizo unamlaumu mke kwa umaskini wa mume. Kumfanya mwanamke anayelisha stendi nzima aitikie kwamba wanawake ndio wanaofilisi nyumba ni kinyume cha hali halisi. Katika daftari la michango jina lake ni la nane, na mchango wake si wa nane. Nilipolisema hili wanaume walitazama chini. Yeye alitabasamu tu, akaenda kufunga tumba.

La tatu nimekwisha kuligusa: kijana wa solo na koti la Mbaraka. Heshima kwa wakubwa ni jambo jema, lakini Mbaraka mwenyewe hakuwa Mbaraka kwa kumwiga mtu.

TUFANYE NINI?

Siku ya mwisho ya semina, habari za bendi zilikwisha kuenea. Ndugu kadhaa walileta pendekezo kwa moyo safi: bendi ichukuliwe, ilelewe, inunuliwe vyombo vipya na sare, itungiwe nyimbo za kuhamasisha, na iwe inatumbuiza katika mikutano. Pendekezo lilipigiwa makofi. Niliombwa nilifikishe juu.

Sikulifikisha, na napenda kueleza sababu mbele ya wasomaji badala ya kuficha. Tukiwapa vyombo tutakuwa wenye vyombo. Tukiwa wenye vyombo, siku ya wimbo wa maziwa mmoja wetu atasema, kama nilivyosema mimi usiku ule, kwamba wimbo hauna msimamo. Safari hiyo mchomelea vyuma hatajibu. Atainamisha kichwa, ataongeza ubeti wa mwisho wa mlango kufunguka, na chemko litafuata. Tutakuwa tumepata bendi moja zaidi ya kupokea wageni, na tumepoteza mahali pekee katika wilaya ile ambapo jambo lililokatazwa semina lilizungumzwa bila mtu kunyanyua fimbo.

Haina maana kwamba tukae kimya. Yapo mambo ya kufanya, nayo ni ya kawaida. Ofisi zinazotoa vibali vya maonyesho ziwatendee haki, wasizungushwe kutoka meza hadi meza kwa ajili ya onyesho la kiingilio cha shilingi 2,000. Kumbi za umma zinazolala bure wapewe kwa ada wanayoimudu. Tukiwaalika, tuwalipe, na tuwalipe kabla ya kula. Nyimbo zao zisajiliwe kwa majina yao chini ya sheria ya hakimiliki ya mwaka 1999, ili siku wimbo wa lumbesa utakaposikika katika redio ya mjini, jasho lao lisiwe lumbesa ya mtu mwingine. Na maneno tuwaachie wao.

Kwa upande wetu wakufunzi, jambo ni moja. Nimeuhamisha mwenyewe muda wa somo la utamaduni. Sasa nalifundisha asubuhi, kabla ya uchumi. Mchoro wa mishale mitano bado nautumia, lakini nimeongeza mkono na sindano. Na ninapofika katika wilaya mpya, kabla sijafungua mkoba wa vitabu, huuliza: hapa jioni watu wanasikiliza nini, na vyombo ni vya nani?